Vidole Vinne vya Turubai

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa madiwani, ndugu wageni waalikwa mliokaa kwenye viti vyenye mito, ndugu zangu wa nyuma mliokaa kwenye viti vya plastiki, na wewe kaka yangu, mchora mandhari maarufu unayestaafu leo kwa vifijo: nawasalimu nyote, na waliokosa viti nawapa pole ya miguu.

Mimi ni fundi fremu. Kwa miaka thelathini na mmoja, hakuna picha ya kaka iliyokwenda kuuzwa bila kupita mezani kwangu. Nimeombwa nimsifu kwa dakika tano, na karatasi ya ratiba inasisitiza kwa wino mwekundu, "bila kugusia mambo ya viwanja." Basi nitamsifu tu.

Kaka yangu ni hodari. Nani hapa asiyekijua kile kilima chake? Amekichora asubuhi, amekichora mvua ikija, amekichora mara mia mbili na ushee, na kila mara kiko kitupu, kimetulia, hakina hata mbuzi. Wataalamu wameuandikia utupu huo vitabu. Mmoja, kavaa skafu na jua lote lile, alisimama karakanani kwangu akasema, "Dada, huu ni upweke wa binadamu mwenyewe." Nikamjibu, "Mmh." Nilikuwa na misumari mdomoni, ningesema nini zaidi?

Ajabu ni kwamba mimi nimezaliwa chini ya kilima hicho. Kaka naye kazaliwa hapo hapo, nyumba ya tatu kutoka bombani. Mama yetu anaishi hapo mpaka leo, pamoja na kaya nyingine arobaini na sita, redio zao, watoto wao na ugomvi wao wa foleni ya maji. Sasa, ndugu wageni, huo upweke wa binadamu ulipenyea wapi?

Ngojeni niwaambie. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa na nyumba zote, na mama anaanika nguo. Mnunuzi akaitazama, akakunja uso: "Kilima kizuri. Hivyo vibanda ndivyo vinaniharibia." Kaka akaja kwangu mbio.

"Mdogo wangu, ukikunja vidole vinne vya turubai la picha huku chini, si vibanda vitaingia nyuma ya fremu?"

"Vitaingia."

"Basi kunja."

Nikakunja. Hivyo ndivyo upweke wa binadamu ulivyozaliwa, kwa nyundo na misumari minane.

Kinachochekesha, na kinachoniuma, ni kwamba hakuacha kuzichora. Angeweza kuacha, nani angemwuliza? Lakini kila picha ilikuja na nyumba zote, na mama na kamba yake ya nguo, na kila picha akaniambia, "Kama kawaida." Siku moja tulimpeleka mama kwenye maonyesho. Akapita ukuta mzima miwani mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, kaka yako huniambia ananichora kila mwaka. Mbona sijioni?" Nikamwambia, "Uko mbali sana, mama." Jibu hilo linanichoma mpaka leo, maana mikono iliyomkunja ni hii.

Mheshimiwa Meya, nawe nakupongeza. Umeamua kilima kiwe bustani ya kumuenzi kaka. Wakazi walipoandika kwamba jamani, sisi tupo, ofisi yako iliwajibu kwa adabu kubwa, na barua ninayo hapa: "Picha za msanii wetu za zaidi ya miaka thelathini zinathibitisha kwamba eneo hilo halijawahi kuwa na makazi." Wameambiwa wawe wameondoka kabla ya Ijumaa. Mtu ana mlango, ana bomba, ana makaburi ya wazee wake, na bado kashindwa kesi na picha! Ofisi gani nyingine ingeweza?

Kaka, barua hiyo nilikuletea nyumbani. Ulinijibu nini? Ulisema, "Mimi ni mtu wa sanaa, si mtu wa barua." Maneno matamu sana. Nashauri yachongwe kwenye jiwe la bustani, karibu na geti, mahali ulipo sasa mlango wa mama.

Naona mshereheshaji ananionyesha saa, kwa hiyo nafupisha. Picha hii iliyofunikwa hapa jukwaani, ambayo mgeni rasmi ataifunua sasa hivi, ndiyo ya mwisho ya kaka. Aliniletea Jumatatu. Akasema, "Kama kawaida." Nikasema sawa.

Kaka, mbona unainuka? Kaa tu.

Nilisema sawa, halafu nikamwogopa mama kuliko nilivyokuogopa wewe. Nikakata fremu ndefu kuliko zote nilizowahi kukukatia. Imezidi kwa vidole vinne.

Kuna bibi mmoja safu ya mwisho, kiti cha plastiki, ambaye jina lake halikuonekana kwenye orodha pale mlangoni. Naomba mumpishe aje mbele. Polepole, mama. Na miwani, usiisahau.

Ndugu zangu, mmeniazima masikio yenu, nawashukuru. Sasa naomba na macho. Mheshimiwa Meya, kamba ya kitambaa iko mkono wako wa kushoto. Vuta taratibu. Safari hii kuna watu.