Siku Tisa Baada ya Damu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Ninamsifu leo nikiwa bado na uchungu, na sitauficha mbele yenu.

Mimi ni Nabintu wa Nyalukemba, mwalimu wa shule ya msingi. Nilikaa na mume wangu Deo miaka sita bila mtoto. Mama mkwe alikuwa anatoka Walungu na kikapu cha maharagwe, na kabla ya kunisalimu anatazama tumbo langu. Siku moja alimwambia Deo nikiwa palepale: "Muti yenye haizalake, banaikataka." Yaani mti usiozaa hukatwa.

Nikakimbilia kikundi cha maombi. Mama kiongozi akasema tumbo langu limefungwa. Akanipa mfungo: kila mwezi, damu ikikoma, siku tisa bila kula mpaka jioni, na bila kulala na mume. Ndugu zangu, nilitii miaka minne. Sikuruka hata siku moja.

Kisha nikazimia darasani. Katika kituo cha afya, masera mmoja, mtawa muuguzi, aliniuliza hedhi yangu huja baada ya siku ngapi. Sikujua. Akanipa daftari, niandike kila siku: damu, ukavu, ute. Baada ya miezi mitatu tulilisoma pamoja.

"Mama, mzunguko wako iko mufupi," akasema. "Siku za kubeba mimba zinakuja mara tu damu inapokoma. Siku zile unafanyaka nini?"

"Ninafunga, masera, na silali na mume wangu."

Aliweka kidole kwenye daftari. "Basi tumbo yako haina shida. Ni siku zile zenyewe."

Nililia njia nzima. Nilimkasirikia mama kiongozi, nikajikasirikia mimi, na Mungu pia nilimkasirikia. Nyumbani nilimwonyesha Deo daftari. Alilisoma polepole, kisha akaniambia kwamba mama yake amekwisha kumposea msichana kule Walungu, na msichana huyo ana mimba yake.

Alikaa nami miezi miwili zaidi. Sikufunga. Nikabeba mimba.

Binti yangu ana miezi kumi sasa. Baba yake huja Jumapili, humpakata kidogo, kisha hurudi Walungu.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika uongo ule. Mama kiongozi, umekaa hapa mbele. Ninajifunza kukusamehe, bado sijamaliza. Dada zangu, mtumainini Bwana, ombeni, lakini zijueni siku za miili yenu. Mungu amenipa mtoto. Miaka ile minne hajanirudishia.