Gunia Lililojua Siri ya Pamba

Ulimwengu wote unaovaa nguo na utulie, maana siri ya kuuza pamba ng'ambo ilitolewa mwaka 1952 juu ya lori la kutoka Mhunze, na aliyeitoa ni gunia.

Maduhu, mkulima, alikuwa amekalia magunia yake akiomba kimoyomoyo karani wa mizani asiyapekue, asije akamrudishia mavuno yote. Kando yake alikaa Mwamvua, muuza kanga asiyemjua. "Ng'ambo wanataka wingi tu, mama," alisema Maduhu. "Mvua ikinyesha tukalima sana, meli zinajaa."

"Wingi wa uchafu, baba? Mnunuzi akifungua robota akakuta pamba imeoza, mwakani atanunua kwa wengine, na ninyi mtailalia wenyewe."

Maduhu akacheka, ila si sana.

"Mwangaluka, Maduhu," gunia likamsalimu kutoka chini yake. "Mbona umenimwagia maji nizidi uzito?"

Maduhu akakauka. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya marehemu bibi yake. Ikafuata nyingine, nzito, ya taratibu: "Na mchanga, Maduhu. Uko katikati."

Lori likasimama penye mizani. Maduhu akalichana gunia, na mchanga ukamwagika miguuni pake. Mwamvua yeye aliinua turubai, akavuta sikio la mwanafunzi aliyejibanza kati ya magunia.

Sikio hilo ni langu, nakiri. Maji niliyajua kwa kuwa yalikuwa yameniloanisha mgongo. Lakini habari za mchanga sikuwa nazo, wala ile sauti nzito haikuwa yangu.