Celestine Aluoch, Aliyevaa Mishono Nje

Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mke wangu Celestine Aluoch aliketi kitandani, akapindua sweta ya shule ya binti yetu Mourine, kama alivyopindua nguo zake mwenyewe maisha yote, ili mishono ikae nje isimchubue, akamvika taratibu na kumwambia, "Wakikucheka, waambie hii ni fasheni ya Mfangano," na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida alilofanya nyumbani kwetu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 kisiwani Mfangano, mtoto wa tatu wa Mzee Elkana na Mama Caren, na wiki hiyo hiyo ngozi yake ilianza kufura malengelenge kila aliposhikwa. Alisoma kisiwani hadi darasa la nane, akiandika kwa vidole vilivyofungwa bendeji, akamaliza sekondari Oyugis mwaka 2006, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 2009, kisha akafundisha Hisabati hapa Migori kwa miaka kumi na minne.

Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2011, baada ya wazee kuchunguza koo za baba zetu hadi kizazi cha tano na kuridhika, ila hakuna aliyeuliza kuhusu nyanya zetu wazaa mama, ambao wote wawili walizaliwa kijiji kimoja, Kisegi. Tulijaliwa Cliff, mwaka 2013, mwenye ngozi nzima, na Mourine, mwaka 2016, aliyezaliwa na malengelenge ya mama yake.

Katika boma hili ilisemwa kwamba Celestine ndiye aliyetuletea ugonjwa, na ilisemwa akisikia, akiwapakulia chakula waliosema. Mimi nilijua ukweli tangu tarehe 9 Mei 2022, daktari alipotusomea majibu ya damu. Kila mtu hurithi nakala mbili za agizo la kutengeneza nyuzi zinazoshikiza ngozi, moja ya baba na moja ya mama, na ugonjwa huu hutokea zote mbili zikiwa na kosa. Celestine alimpa Mourine moja, ambayo peke yake isingemdhuru, na ya pili niliitoa mimi, ninayesimama hapa bila kovu. Si laana, wala si mwiko uliovunjwa. Nilimwomba asiseme, akakubali, akaishi ndani ya lawama hiyo miaka mitatu, na mlango niliufunga mimi.

Novemba 2024 kidonda cha mguu wake wa kushoto kiligeuka saratani, ikasambaa, na Jumanne hiyo alianza kutetemeka saa nne, akafariki hospitalini Homa Bay saa kumi jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Mama Nyaboke aliyetuchemshia maji ya kuoshea vidonda, na walimu wenzake waliogawana vipindi vyake.

Asubuhi iliyofuata kifo chake nilimvalisha Mourine mimi, kwa mara ya kwanza, nikamvika sweta mishono ikiwa ndani, naye akavumilia hadi nilipoona damu begani. Nikaivua, nikaipindua, kisha nikapindua na shati langu, nikatoka hivyo mbele ya wazee, na hivyo ndivyo mnavyoniona leo.

Pumzika, binti wa Mfangano, mahali ambapo hakuna kinachochubua.