Mama Mapigo na Wimbo Ulioshindikana

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mwalimu wa mazoezi wa kliniki yetu ya moyo, ambaye sote tunamwita Mama Mapigo, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Karani wa kitengo ameagizwa kuandika wasifu huu kwa uchangamfu na usizidi ukurasa mmoja. Amejitahidi, ingawa mhusika ameshasema kwamba hataki sifa, anataka kiti.

Anakistahili. Aliajiriwa kama muuguzi wa wodi, akahamishiwa chumba cha mazoezi kwa muda, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Chumba chenyewe mnakijua: mwisho wa korido, baiskeli nne za mazoezi, moja haina pedali, feni inayozunguka inapojisikia, na saa kubwa ya ukutani. Wenzake wawili walihama, nafasi zao zikabaki wazi. Tangu hapo amefundisha peke yake, asubuhi na mchana, na ngazi za kwenda kantini aliziacha zamani kwa sababu ya magoti.

Alichofundisha kinaonekana chepesi. Watu wakishapasha miili moto, hupaza sauti: "Shika!" Kila mmoja huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, miguu ikiendelea taratibu. Mapigo huhesabiwa kwa sekunde kumi na tano, kisha huzidishwa kwa nne. Kwa mtu mwenye afya, toa umri wake kwenye 220. Kati ya nusu ya jibu hilo na asilimia themanini na tano ndipo moyo unapofanya mazoezi kweli. Chini ya hapo, alisema, unatembelea majirani; juu ya hapo unajitafutia balaa. Wagonjwa wetu wengi humeza dawa za kupunguza mapigo, hivyo hesabu hiyo haiwafai, na daktari humpangia kila mmoja kiwango chake.

Kuhesabu kwa dole gumba alikupiga marufuku, kwa kuwa dole hilo lina mapigo yake na humchanganya anayehesabu. Hata mkuu wa kitengo aliwahi kuambiwa mbele ya wagonjwa, "Toa hilo dole, bosi, unajipima mara mbili."

Wagonjwa wa kiume wote aliwaita shemeji, maana shemeji humkatalii kirahisi. Na alikuwa na kipimo kingine kisichohitaji saa: anayeongea kwa sentensi fupi yuko sawa, anayeshindwa kuongea apunguze, anayeimba bado hajaanza.

Kipimo hicho ndicho kilichomnasa Afande. Huyu alikuwa mlinzi wa geti letu hadi moyo ulipomwangusha palepale getini mwaka jana. Daktari alimpangia mapigo tisini na tano hadi mia na kumi. Kila iliposemwa "Shika!", Afande alijibu, "Mia kamili!" Mama Mapigo alifurahi, mpaka siku alipomsikia juu ya baiskeli akiimba ubeti mzima bila kukata pumzi. Alimshika mkono. Sabini na sita.

"Shemeji, hiyo mia umeiokota wapi?"

"Mama, niache tu. Nikiusikia moyo unakwenda mbio, najua ndiyo safari."

"Na ngazi za kwako unazipandaje?"

Afande aliendelea kukanyaga. Mkewe, aliyekuwa akimsubiri mlangoni, ndiye aliyejibu: "Hazipandi. Analala sebuleni kwenye godoro, kama mgeni asiyejua ataondoka lini."

Mama Mapigo hakumgombeza. Alikuwa na likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na tulimsihi aende akapumzike, kwani alishaanza kusinzia wakati wa chai. Hakwenda. Alipanda baiskeli iliyo kando ya Afande, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kifundo cha mkono wa Afande, wiki baada ya wiki. Mapigo yalipofika tisini, Afande aliacha kukanyaga. Walianza tena. Wakaanza tena.

Jumanne iliyopita wagonjwa walimwandalia wimbo wa kumuaga, na Afande, mwenye sauti kuliko wote, alichaguliwa kuuongoza. Mama Mapigo alisema mazoezi kwanza. Siku hiyo alifundisha akiwa ameketi kwenye kiti, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kabla. Ulipofika wakati wa wimbo, Afande, akiwa bado anakanyaga, alifungua kinywa, akatoa maneno mawili na kukwama.

"Imba, Afande! Jana si ulitupigia kelele kutwa?" wenzake walimhimiza.

"Ngojeni... kidogo..."

Mama Mapigo aliinuka, akamshika mkono, akatazama saa. Mia na nne.

"Hapohapo, shemeji. Usinipunguzie." Naye hakupunguza. Alikanyaga akihema na kucheka, na wimbo haukuimbwa kabisa.

Mkewe ametuarifu kwamba godoro limerudishwa juu, na aliyelibeba upande mmoja ni yeye, upande mwingine Afande, wakipumzika kila baada ya ngazi chache.

Mrithi hajapatikana. Kwa sasa muuguzi wa wodi atasimamia mazoezi, na Afande ameomba awe mwenye kupaza "Shika!"

Mama Mapigo, ahsante. Kiti chako tumekinunua. Kina mikono miwili na hakina pedali. Tunakuombea siku ndefu na nyepesi juu yake, moyo wako ukipiga polepole, bila mtu wa kuuhesabu.