Nilipoinua Uso, Damu Ikakaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliokaa mbele, asifiwe na nyie mliojibanza karibu na mlango mkidhani mchungaji hawaoni. Mwangaluka!

Mimi ni Mbuke, mke wa Masanja, wa hapa hapa Nkoma. Wengi mnanijua. Wengine mlinikimbia. Msiinamishe vichwa, leo sikuja kulipiza kisasi, nimekuja kumshukuru Mungu. Lakini nitasema yote, maana ushuhuda uliokatwakatwa ni umbea tu.

Ndugu zangu, nilikuwa mwanamke wa jembe. Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, kila mtu alilima pamba mpaka ukingoni mwa barabara. Mimi ndipo nikaishiwa nguvu. Nikiinama kupalilia, dunia inazunguka. Midomo ilipauka, viganja vikawa vyeupe. Nikikaa tu kivulini, moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa na fisi. Zahanati wakapima, wakasema damu imepungua, wakanipa vidonge.

Masanja wangu ni mume mwema. Kila mnada alirudi na maini. Nilikula matembele mpaka watoto wakanicheka. Na mnajua maduka yetu miaka hii ya ruksa, dawa za kuongeza damu zimejaa kuliko sabuni, na kila chupa ina picha ya mtu mwenye misuli. Nilizinywa zote! Nilikuwa nakula kuliko Masanja, na bado gauni linanivuka mabegani. Tukaenda hospitali Bariadi, kaka yangu akanitolea damu yake. Nikapata rangi, tukashukuru hapa hapa kanisani. Hata kabla pamba haijauzwa yote, weupe ukarudi.

Hapo ndipo swali likaanza kutembea kijijini. Damu ya Mbuke inaenda wapi?

Sikuwa natoka damu. Dawa ya minyoo nilikunywa. Malaria haikuonekana. Basi watu wakatafuta jibu lao, na huku kwetu jibu haliko mbali. Mwanzo walinihurumia, wakasema kuna mtu ananinywa damu. Halafu macho yangu yakaanza kutoka. Mikono ikaanza kutetemeka, nikishika kikombe chai inamwagika. Huruma ikageuka. Anayerogwa akawa mrogi.

Ndipo mtoto wa jirani yetu Holo akafa kwa homa. Ndugu zangu, nilimpenda yule mtoto. Siku chache kabla nilikuwa nimembeba wakati mama yake, Holo, anachota maji, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka vile vile. Kuna mtu alikumbuka hilo msibani. Toka siku hiyo nikifika kisimani, wanawake wanainua ndoo zao hata kama hazijajaa. Hapa kanisani nilikaa benchi zima peke yangu. Nililia sana, na nilimwuliza Mungu kama na yeye amehama benchi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo. Mnajua malezi yetu. Mkamwana hamtazami mkwe usoni. Tunapiga magoti, tunaangalia chini. Mbele ya mtu mkubwa ni hivyo hivyo. Na sisi akina mama wa kanisa hili tunafunga kitambaa kichwani, tunakizungusha shingoni mpaka chini ya kidevu, ndiyo heshima. Mimi nililelewa vizuri, vizuri kupita kiasi! Kila nilipoingia kwa daktari nilikaa nikitazama sakafu, kitambaa kimebana, Masanja ananisemea. Daktari akiuliza, Masanja anajibu, ni damu. Foleni nje ilikuwa imefika getini. Alitazama viganja vyangu, akapima damu, akaandika vidonge vile vile. Na baada ya maneno ya kijijini kuanza, niliinamisha uso zaidi, nisije nikaonyesha haya macho.

Siku moja alasiri baba mdogo wa Masanja alikuja na wanaume wengine wa ukoo. Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno. Walisema Jumapili baada ya ibada watakuja kuchukua jibu. Ama Masanja anirudishe kwetu Sola na watoto wabaki, ama wao hawatakuwa na neno juu ya litakalotokea. Ndugu zangu, sisi tunaokaa huku tunajua maneno hayo yana maana gani. Tumezika kina mama kwa sababu ya maneno hayo. Masanja aliwasindikiza mpaka njiani. Sikumchukia, alikuwa anaogopa kama mimi. Niliwatazama wanangu wawili wakila viazi, nikashindwa hata kuomba.

Kesho yake nilijitwika furushi la pamba, nikaongozana na mama mkwe wangu, Mayu Milembe, mpaka kwenye mizani ya wanunuzi. Sikufika kwenye mizani. Nilianguka mbele za watu. Nilipozinduka, wote walikuwa wamerudi nyuma, na Mayu peke yake amenipigia magoti. Yeye amenipigia magoti mimi! Alikuwa amefungua kitambaa changu nipate hewa. Akaiona shingo yangu, imevimba hapa mbele na inarukaruka. Halafu macho yetu yakakutana. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumtazama usoni, wala yeye kunitazama mimi.

Nilisubiri na yeye arudi nyuma. Nakwambieni kweli, nilisubiri.

Alichukua kitambaa changu akanifuta jasho. Akasema, “Kesho tunaenda Bariadi. Nitaingia mimi na wewe.”

Tuliingia kwa daktari, na mimi kwa mazoea nikatazama sakafu. Daktari akashika kalamu. Mayu hakukaa. Alisema, “Mwanangu, weka kalamu. Huyu tumekuficha sisi kwa heshima zetu.” Kisha akanigeukia mimi. “Mkamwana, fungua kitambaa. Inua uso, akuone.”

Ndugu zangu, kuinua uso ni kazi. Afadhali furushi la pamba. Lakini nikainua.

Daktari aliweka kalamu. Akaniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza. Akanipa maji nimeze huku ameshika shingo yangu. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, kama nasikia joto wenzangu wakijifunika, kama nakula sana na bado nakonda, kama nalala. Nilijibu mwenyewe, Masanja akiwa nyumbani. Akasema ni tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Mayu akamwuliza, na damu je, inaenda wapi? Akatueleza kwa lugha yetu ya jikoni. Sufuria iko motoni, moto ni mkali, ninyi mnaongeza maji tu, maji yanakauka. Tezi ikizidi, mwili mzima unaenda mbio, unashindwa kutengeneza damu vizuri, na hata ile iliyopo haidumu. Alisema si kila aliyepungukiwa damu ana tezi, lakini kwangu mimi tupunguze moto kwanza, kisha tuongeze maji. Akaniandikia niende Mwanza kwa vipimo na dawa.

Sikunyonywa na mtu. Sikumnyonya mtu. Haleluya!

Lakini Jumapili ilikuwa bado inakuja. Masanja alinipeleka Mwanza, na njia nzima, mpaka tunavuka mto Simiyu, nilikuwa nawaza watoto. Mayu alikataa kuja. Alibaki nao, akaweka kigoda chake mlangoni kwangu. Wale wanaume walipofika na fimbo zao, aliwaambia mimi ni mgonjwa wa shingo, amesikia kwa masikio yake. Wakasema hayo ni maneno ya hospitali. Akawaambia kama wanataka nyumba ya mchawi waanze na aliyekaa mlangoni. Baba mdogo huyo ni Mayu aliyemnyonyesha, ndugu zangu, mama yake alipofariki yeye akiwa mchanga. Akashusha fimbo, akaomba maji ya kunywa. Wakaondoka.

Dawa zilichukua muda. Sitawadanganya kwamba niliruka siku ile ile. Mikono ilitulia kwanza. Nikajaza kikombe chai mpaka juu nikampelekea Mayu, na haikumwagika. Moyo ukatulia, gauni likanibana tena. Na vile vidonge vya damu vilivyonishinda, vile vile, sasa vikafanya kazi. Damu ikaja, ikakaa! Msimu huu nimepalilia shamba langu mwenyewe. Macho hayajarudi yote. Yatazameni, sifichi tena.

Namshukuru Mungu anayewainua walioinama. Namshukuru daktari. Kwako wewe unayeugua kwa siri nasema, mtumaini Mungu, na ukimtumaini usijifiche mbele ya daktari aliyemtuma akuguse. Legeza kitambaa. Sema mwenyewe. Heshima haikatazi kupona.

Sasa neno la mwisho, na hili ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi.

Tangu mavuno nasikia minong'ono mingine. Safari hii si juu yangu. Mnasema Mayu Milembe ana macho mekundu, macho ya mchawi. Ndiyo, ni mekundu! Amepika maisha yake yote kwa miti ya pamba, moshi wake mnaujua. Amewapikia nyinyi kwenye misiba yenu. Alipika kwenye msiba wa mtoto wa Holo. Na leo amekaa pale benchi la tatu, amejifunika kitambaa mpaka kwenye nyusi, kama nilivyokuwa nakaa mimi. Na benchi lake, ndugu zangu, lina nafasi nyingi mno.

Mayu, unisamehe. Mkamwana hamwamuru mkwe wake. Lakini simama, mama yangu. Fungua kitambaa. Inua uso, wakuone.

Mtazameni vizuri. Na wewe Holo, kama unaweza, nenda ukakae naye.