Penseli Pembezoni mwa Daftari la Katekista

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, mimi ni Kenny, mjukuu wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya bibi yetu, Mukantwari Jovia, nami nasoma kwa aibu ambayo nitaieleza nikifika mahali pake.

Bibi alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 huko Kibungo, mtoto wa kwanza wa katekista Sibomana, na Novemba 1961 familia ilikimbia machafuko, ikavuka mto Kagera hadi Karagwe, akasoma huko hadi darasa la nane, akafundisha shule za msingi, kwanza Karagwe, baadaye hapa Kabeza, hadi alipostaafu mwaka 2009. Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na marehemu babu yetu Silvère, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja.

Alitunza daftari la baba yake, aliloliandika kwa wino wakiwa njiani kwenda Karagwe, na mwaka 2024, nilipokuwa najifunza kule Kacyiru kuchapisha maandishi ya zamani mtandaoni, alinikabidhi. Miezi minne alinisomea mwandiko uliofifia, mimi nikipiga picha kila ukurasa, nikinakili kila mstari. Mwalimu wetu alituonya tusiruke alama yoyote ya ukurasa, hata doa, lakini maneno ya penseli pembezoni niliyaacha, kwa kuwa hayakuwa ya mkono wa katekista, nami nilitaka ukurasa safi, wala sikumuuliza Bibi ni ya nani.

Tarehe 9 Novemba tulimfungulia toleo la mtandaoni la daftari hilo kwenye simu, jirani yetu Audace akitania kwamba katekista amewahi kufika mtandaoni kuliko yeye, Bibi akacheka, akapekua hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Kazi nzuri, mjukuu wangu, lakini Shami umemweka wapi?"

Penseli ile ilikuwa yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akaandika kifo cha mdogo wake Shami, siku ambayo baba yao aliandika mvua tu. Nilimwahidi kurekebisha wiki inayofuata. Hakuniuliza tena.

Tarehe 20 Januari 2025 alipooza kwa shinikizo la damu, akafariki tarehe 3 Februari, saa kumi na moja alfajiri, ukurasa ule ukiwa bado safi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kabeza, na walimu wenzake.

Jana nilirudisha maneno yake, kazi ya dakika ishirini, nayo ni haya: Shami, miaka mitatu, kabla ya kuvuka Kagera, Jovia alimbeba.

Bibi, yupo sasa, ukurasa wa saba. Nisamehe, upumzike kwa amani.