Sitaha Iliyopinda ya Viateur Bigirimana

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Kabeza, nanyi mliosafiri kutoka Bujumbura na Goma kuja kutushika mkono, walio juani wasogee chini ya hema, kwa maana familia imeamua maisha ya ndugu yetu yasomwe yote bila kuruka, na yasomwe kwa Kiswahili, lugha iliyomlea Buyenzi na ambayo mpaka mwisho aliitumia kusali, kupima mbao na kugombeza watu. Anayesoma ni Régis, mdogo wake wa mwisho. Yapo maneno yaliyosemwa kwenye kilio wiki hii, familia imeyasikia, waliyoyasema wanajijua, na jibu lao limo humu humu, mahali pake, kwa hiyo tunaomba subira.

Marehemu Viateur Bigirimana alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kubwimana, mpagazi wa bandarini, na mama Euphrasie, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakimbizi wote wawili kutoka Rwanda, waliofika kule na mkeka mmoja na imani kwamba watarudi kwao mavuno yajayo. Mavuno yale yalichukua miaka thelathini na zaidi, na wao wenyewe hawakuyaona. Viateur alikua akilitazama Ziwa Tanganyika kila siku, lakini bahari hakuiona maishani mwake, jambo tunalolitaja mapema kwa sababu wengi walioona kazi zake walidhani amewahi kuwa baharia.

Alisoma shule ya msingi huko huko Bujumbura kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, hesabu akiziweza, Kifaransa kikimtoa jasho, na mwaka 1975 akapokelewa katika shule ya ufundi ya mafurere, watawa wa kiume, alikohitimu useremala mwezi Juni 1979. Katika shule hiyo Furere Aloysi, mzee mkali aliyewafundisha kuranda, alikuwa na merikebu ya matanga ndani ya kabati la vioo, kazi ya mikono ya babu yake, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye milingoti mitatu, na sitaha yake, yaani ile sakafu ya juu, ilikuwa imeliwa na fukusi ikabaki unga. Alipewa Viateur aitengeneze upya. Alipasua vibao vyembamba kuliko njiti za kiberiti, akapaka kila ukingo masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi, ili kati ya kibao na kibao uonekane mstari mweusi kama kalafati ya lami kwenye chombo cha kweli, akapanga viungo visikutane, na zaidi ya yote akafundishwa kwamba sitaha huanzia katikati, kibao kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu, kwa sababu gundi ikikauka huvuta, na aliyejaza upande mmoja kwanza ataikuta asubuhi merikebu yake imepinda. Furere alimbandulisha kazi ile mara mbili. Naye Viateur, maisha yake yote, aliwabandulisha wengine, na wafanyakazi wake waliopo hapa leo wanajua kwamba hakuwa na huruma hata ya unene wa unywele.

Kuanzia mwaka 1980 alifanya kazi katika karakana za Bujumbura, mchana akitengeneza vitanda na makabati kama seremala yeyote, jioni akitengeneza merikebu. Mwezi Agosti 1995 alihamia Kigali na familia yake, na mwaka 1997 akafungua karakana yake hapa Kabeza, nyuma ya maduka ya barabara ya uwanja wa ndege, ambapo vitanda vilipungua na merikebu zikaongezeka, zikanunuliwa na wenye hoteli, na wageni wanaokwenda zao, na watu wazito waliotaka kitu cha kuweka ofisini. Mwili wa merikebu aliutengeneza kwa mvule wa Kongo, sitaha kwa jakaranda kwa sababu ni nyeupe. Mvule una vumbi la njano, laini kama unga wa muhogo, na karakana ilikuwa ndogo, na Viateur alikuwa akifunga dirisha makusudi ili upepo usimkaushie gundi. Kitambaa cha kufunga pua mkewe alimshonea, akakitumia kupangusia mikono. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, alipenda kusema jioni akirudi nyumbani, nguo zote njano, na watoto wakikatazwa kumkumbatia kabla hajajipangusa.

Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa takatifu na Annick Mukamana, binti wa Buyenzi pia, ambaye sisi sote tunamwita Mama Ingrid. Siku ya harusi shemeji yetu hakuomba cherehani wala kitenge, aliomba merikebu moja ibaki nyumbani kwao, juu ya kabati, isiuzwe, na bwana harusi akaahidi mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Hakuwa mwongo, alitengeneza. Ya kwanza iliondoka mwaka 1995 kwa mwenye lori aliyewaleta Kigali, ya pili ilikwenda mtoto alipopasuliwa hospitalini, ya tatu ilimpeleka Ingrid shule ya bweni, na ya nne ilichukuliwa na mwenye hoteli mmoja aliyeingia kunywa chai, akaiona kabatini, akakataa kuinuka kitini mpaka akubaliwe. Kila mara Mama Ingrid aliifunga mwenyewe kwa magazeti, akaisindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi kupangusa mahali ilipokuwa imekaa. Hakulalamika, na ukimya wake ulimuuma mumewe kuliko malalamiko, alimwambia hivyo mdogo wake zaidi ya mara moja.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Ingrid aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye leo ni mama wa nyumba yake kule Kagugu, Jean-Luc wa mwaka 1993, dereva wa lori za masafa marefu, na Kaze, kitinda mimba, aliyezaliwa hapa Kigali mwaka 1998.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa tunaomba mtege masikio. Kikohozi kilianza mwaka 2017, kikaitwa mafua, kikaitwa pumu, kikapewa asali na vitunguu saumu na kila aina ya mizizi, mpaka tarehe 11 Machi 2021, hospitalini, picha ilipoonyesha mapafu yaliyojaa makovu na kukakamaa kama ngozi iliyoachwa juani. Daktari aliuliza kazi yake, akaambiwa, akasema mapafu ya namna hii hayaponi, yanaweza tu kucheleweshwa, na kwamba kuanzia siku hiyo mgonjwa asiguse mbao wala asikae penye vumbi lake. Viateur alifunga karakana wiki ile ile. Wakati huo alikuwa ameanza merikebu ya tano, ya nyumbani, na mwili wake wa mvule ulikuwa tayari, bila sitaha, tumbo wazi, mbavu zinaonekana. Mama Ingrid alimwambia waziwazi kwamba hataki tena merikebu, anataka mume, akaiosha kwa kitambaa chenye maji, akaiweka juu ya kabati vilevile ilivyo. Ilikaa pale zaidi ya miaka mitatu na nusu. Kila aliyeingia kumjulia hali mgonjwa aliiona, na mgonjwa mwenyewe, ambaye kuanzia mwaka 2023 aliishi na mashine ya oksijeni ikinguruma kando ya kiti chake, na umeme ukikatika, kabla jenereta ya jirani haijawashwa, tulikuwa tunampepea huku tunalia, aliitazama kutwa nzima.

Mwezi Novemba 2024 daktari aliita familia, akasema dawa zimefika mwisho wake. Mwezi Januari uliofuata, Mama Ingrid aliishusha merikebu ile kabatini, akaichukua mpaka ua wa nyuma, mbali na mlango, upande ambao upepo hautazami nyumba, akaomba aletewe vibao vya jakaranda vilivyokwisha pasuliwa na kulainishwa kwa fundi mwingine, akakwangua masizi ya sufuria zake mwenyewe, akaanza kupanga sitaha. Mwanamke wa miaka sitini, ambaye hakuwahi kushika gundi ya seremala. Mume wake aliwekewa kiti dirishani, kioo kimefungwa, mrija wa oksijeni puani, akitazama.

Hili ndilo lililosemwa kwenye kilio, kwamba mke alirudisha mbao nyumbani zikamuua mumewe. Vibao havikuingia ndani hata siku moja, na hakuna kilichopigwa msasa, kwani shemeji alijifunza kukwangua kwa kipande cha kioo, kinachotoa nyuzinyuzi za mbao badala ya vumbi, na alibadili nguo zake nje kabla ya kumsogelea mumewe. Ingrid ameona, Kaze ameona, jirani wa ukuta mmoja ameona.

Lakini alikosea jambo moja. Alianza pembeni, upande wa kulia, kama mtu anayetandika mkeka kutoka ukutani, akaendelea kibao baada ya kibao kuelekea kushoto, na aliyekuwa dirishani, yule yule aliyebandua kazi za watu kwa ufa usioonekana, hakugonga kioo. Ilipofika Mei, zaidi ya nusu ya sitaha imejaa, gundi ilikuwa imekwisha kuvuta, na merikebu ikawa imeinama upande mmoja, pua yake inatazama kushoto. Mama Ingrid aliiona, akaibeba mpaka dirishani, akamwonyesha, machozi yakimtoka, akamuuliza abandue wapi. Mume wake aliagiza kioo kifunguliwe kidogo, akavuta pumzi yake, akasema maneno ambayo shemeji ameturuhusu kuyasoma jinsi yalivyotoka.

"Usibandue, Mama Ingrid. Nilikuona tangu kibao ya kwanza, nikanyamaza. Ile yenye kunyooka wote wanakujaka kuitaka. Hii yenye imepinda, hakuna mutu atakuuliza bei."

Baada ya hapo alicheka, kikohozi kikamkamata, cheko lile likamgharimu siku mbili kitandani. Shemeji aliendelea kujaza sitaha mpaka kibao cha mwisho, mwezi Agosti, akaanza kuikwangua yote kwa kile kipande chake cha kioo.

Tarehe 22 Septemba alikwenda sokoni Kabeza. Merikebu ilikuwa imebaki kona moja tu ya mbele, pale sitaha inapobanwa na pua, na alikuwa ameiacha kwenye meza ya uani pamoja na vifaa vyake, na ndani ya kile kikapu cha vifaa vilivyotoka karakana kulikuwa na kipande cha msasa cha zamani ambacho hakuna aliyekikumbuka. Aliporudi alimkuta mumewe nje, amekaa kwenye benchi, mrija ameuning'iniza shingoni, merikebu mapajani, msasa mkononi, na vumbi jeupe kwenye suruali na kwenye ndevu. Mumewe hakumruhusu aongee kwanza. "Usinigombeze," alisema, "ile kona, kioo yako haingiaki." Kona ilikuwa imekwisha, laini, na midomo yake ilikuwa ya bluu.

Usiku ule tulimpeleka hospitalini, na tarehe 3 Oktoba 2025, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Viateur Bigirimana alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minne, mkewe akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano. Ingrid alimuuliza daktari mbele yetu sote kama ni vumbi lile lililomuua baba yake, na daktari alijibu kwamba msasa wa dakika chache hauwezi kumuua mtu ambaye tayari alikuwa ameuawa na miaka arobaini ya mvule, kwamba pengine ulimpunguzia siku, pengine haukumpunguzia, na kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kulipima jambo hilo. Hatutawadanganya kwamba tunajua zaidi yake. Ila tunajua kwamba aliyetoka dirishani alitoka kwa miguu yake, akijua anachokiendea kuliko yeyote kati yetu, na anayetafuta mkono ulioshika msasa asitafute kwa mjane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliokaa naye siku kumi za mwisho, majirani wa Kabeza mliotugawia umeme wa jenereta yenu kila ulipokatika wa kwetu, parokia na jumuiya ndogondogo, mafundi wa karakana yake ya zamani mliotengeneza jeneza hili na kuomba radhi kwa viungo vyake, ambavyo yeye angevibandua, na nyote mliochanga, mliopika, mlioketi nasi kimya. Merikebu iko nyumbani juu ya kabati, imeinama, na haitakwenda popote.

Limebaki jambo moja. Jumapili Mama Ingrid alimwambia msomaji wa historia hii kwamba leo kaburini Rusororo hatatupa udongo, akasema, "Régis, vumbi nilishamutupia ya kutosha." Familia yote imekaa juu ya neno hilo, watoto wake watatu na ukoo wa mumewe, nayo inamjibu hapa mbele ya watu. Shemeji, hakuna atakayeinua mkono kabla yako, hata tukisimama pale mpaka giza. Udongo wa kwanza ni wako, anza katikati.

Viateur, kaka, vuta pumzi sasa. Pumzika kwa amani.